Seva Iliyokataa Kupungua

Jumatatu, 3 Machi

Madam Nekesa, bosi wetu wa Lodwar, amepiga simu. Seva yetu ya Kakuma, hii ya chuma inayounguruma kushinda jenereta, lazima iingizwe kwenye mtambo mpya wa Lodwar iwe mashine pepe, yaani kompyuta isiyo na mwili. Mwisho Ijumaa. Halafu mmoja wetu, mimi au Jerotich, fundi mwenzangu wa Lodwar, yule atakayeonekana hafai, atahamishiwa Lokichoggio. Lokichoggio! Kule hata ndege za misaada zilishaondoka.

Jerotich ameniandikia ushauri. Eti nianze leo kunakili mafaili polepole watu wakiendelea na kazi, kisha Ijumaa nichukue yaliyobadilika tu. Polepole! Anataka nichelewe. Mimi nitaipunguza seva kwanza, halafu itahama mbio.

Jumanne, 4 Machi

Nimebandika tangazo mlangoni: UHAKIKI WA MAFAILI, LISILOHAKIKIWA HALIHAMI. Nawajua wenzangu kwa uvivu. Hatakuja mtu, nami nitafuta nusu ya seva bila lawama. Raha iliyoje!

Jumatano, 5 Machi

Ole wangu! Foleni hadi getini. Nilisahau hapa ni Kakuma, kambi ya wakimbizi. Ukitaja uhakiki, mtu anaacha ugali jikoni, maana asiyehesabiwa hapati mgao wa chakula. Nyakong, mkalimani wetu, kaleta flashi yenye video za arusi ya dada yake, eti niziweke kwenye seva zihakikiwe. Nikamwambia arusi si kazi ya ofisi. Akasema kwa upole kwamba aliwahi kukosa uhakiki mmoja, akala kwa majirani mwezi mzima, na huu hatakosa. Nyuma yake Majak, mlinzi, na video zote za kwaya yake. Nimepokea. Ningewafukuzaje na tangazo ni langu?

Alhamisi, 6 Machi

Seva imevimba. Nimeanza kunakili kila kitu kwa mpigo. Mtandao umekufa, hakuna anayeweza kufungua hata barua, wote wamekaa kivulini wananitazama. Jerotich amepiga kuuliza kama nahitaji msaada. Nimemjibu niko sawa kabisa.

Ijumaa, 7 Machi

Sijafika hata robo. Madam kasogeza mwisho hadi wiki ijayo, kampa Jerotich kazi. Ananakili polepole, watu wanafanya kazi zao, kwaya ya Majak inahama bila kelele. Kila mtu anamsifu. Nimeumia, sifichi.

Jumatatu, 17 Machi

Lokichoggio. Vumbi, malori ya Sudan Kusini, na mimi. Lakini Madam amesema nikiihamisha seva ndogo ya hapa wiki hii bila vurugu, atafikiria kunirudisha. Safari hii sikosei. Kilichoniponza Kakuma ni lile neno uhakiki. Asubuhi nimetangaza kitu tofauti kabisa: faili litakaloitwa MUHIMU ndilo litakalohama, mengine nafuta. Saa sita nimechungulia. Yote yanaitwa MUHIMU, hata menyu ya kantini. Na yanazidi kuingia! Watu wa huku wana ushirikiano wa ajabu.