Naidai Serikali

Jumatatu, 9 Juni 2025

Leo mfumo umebadilisha kauli. Tangu Februari, kila nilipofungua simu, ombi langu la marejesho ya kodi lilisomeka kuwa limepokelewa. Asubuhi hii linahakikiwa. Baada ya ukimya wa muda mrefu, dola imetikisika.

Niweke kumbukumbu sawa. Mwaka jana, nilipokadiria kodi ya kitalu chetu cha miche ya parachichi, nilitaja mauzo yanayolingana na hadhi ya mtu aliyefundisha Uraia hadi kustaafu. Mauzo halisi hayakufika huko. Kodi niliyozidisha imo mikononi mwa serikali. Kwa lugha ya kitaaluma, naidai serikali.

Kwa kuwa mtandao hapa kijijini Yakobi hushika vizuri kando ya ua wa Obed, jirani yangu na mshindani wangu wa miche, yeye ndiye aliyeusikia ukweli huu kwanza. Akaweka chini ndoo ya kumwagilia. Akanisalimu kwa kilugha, kamwene mwalimu, akasema na mimi miche inanidai maji, basi tupeane pole. Wivu mtupu.

Fidelia, mke wangu, hana msisimko. Jioni alitazama mbingu zisizo na wingu, akasema sakitu, ile baridi ya barafu inayounguza majani, iko njiani na miche yetu iko uchi. Miche yenyewe aliibebesha vikonyo vya parachichi bora kwa mkono wake. Wakulima wa Lupembe wameshaiagiza, na malipo yao ndiyo ada ya chuo ya binti yetu Idda. Anataka tuuze nguruwe, tununue nailoni ya kufunika. Nimekataa. Nailoni itanunuliwa kwa marejesho. Mtu anayeidai serikali hauzi nguruwe.

Jumatano, 11 Juni

Ofisi ya kodi, mjini. Afisa anaitwa Rejoice, mwanafunzi wangu wa zamani. Shikamoo ya heshima. Kiti chenye mto. Akaeleza kwamba ritani yangu, ile taarifa ya mauzo halisi niliyowasilisha, inaonyesha biashara ndogo kuliko makadirio, kwa hiyo mhakiki atakuja Jumatatu kuona kitalu kwa macho yake. Akiona ni kidogo kama nilivyoandika, fedha inatoka. Akanisihi nisipange chochote. Mwalimu, akikute kilivyo tu.

Nimerudi nyumbani nikiwa na furaha isiyo na kifani. Si mimi tena ninayeitafuta serikali. Serikali inakuja kwangu, kwa miguu yake!

Kisha nikakitazama kitalu. Nusu ya vitanda havina kitu. Mhakiki ataandika nini? Biashara duni. Maneno hayo yatakaa katika jalada la taifa, chini ya jina langu, na Obed atachungulia juu ya ua wakati yakiandikwa. Haiwezekani. Mdai lazima aonekane mtu wa maana, la sivyo nani ataharakisha kumlipa?

Mpango umenijia nikiwa nanawa miguu. Sijamwambia Fidelia. Ataupinga kabla ya kuuelewa.

Ijumaa, 13 Juni

Makambako. Nimekwenda kwa shemeji yangu Sila, mdogo wake Fidelia, mwenye kitalu kikubwa nyuma ya maghala ya mahindi. Nikamwomba aniazime miche ya kujaza vitanda vyangu kwa siku chache. Sila alicheka mpaka akaegemea kenta yake ya kubebea miche. Akauliza, shemeji, unakwenda kuwaambia watu kwamba hukuuza, halafu unawaonyesha mali? Nikamfafanulia tofauti kati ya kipato na haiba. Akasema haiba sawa, lakini kila mche utakaokufa nitaulipa.

Tumepanda mlima na kenta mbili, miche ikitikisa majani nyuma yetu. Niliwapungia watu mkono njiani. Sikujizuia.

Fidelia alipoona mzigo hakupaza sauti. Aliuliza neno moja tu: Baba Idda, na hii nayo itafunikwa na nini? Nikamjibu, marejesho. Akaingia jikoni.

Kitalu kimejaa. Safu ya miche bora kuliko yote nimeipanga langoni. Nimesimama barabarani nikaingia kama mgeni, mara kadhaa, ili kupima athari. Athari ni kubwa.

Jumapili, 15 Juni

Ibada njema. Baada yake, mnada wa sadaka za mazao, kama kawaida. Jogoo mmoja mweupe akapandishwa. Obed akataja bei. Mimi nikataja ya juu. Obed akaongeza kwa sauti ya kunong'ona, namna yake ya kuchokoza. Mzee wa usharika akauliza kama mwalimu amechoka. Mwalimu hakuchoka. Niliendelea mpaka akina mama wakapiga vigelegele, na kijana mmoja mgeni, aliyeketi benchi la nyuma na koti la mvua, akageuka kabisa kunitazama.

Jogoo ni wangu, kwa ahadi ya kulipa wiki hii. Nilitangaza wazi kwamba fedha iko serikalini. Obed alinipongeza. Akasema, mwalimu, huyo ukimchinja, tukaribishe hata kwa mchuzi. Nikagundua baadaye kwamba alikuwa ameacha kushindana mapema, na mara mbili za mwisho nilijipandishia bei mwenyewe. Si neno. Ilikuwa sadaka.

Jumatatu, 16 Juni

Siku kuu. Mhakiki anaitwa Amon. Koti la mvua. Benchi la nyuma. Kabla ya salamu kuisha akaniuliza jogoo anaendeleaje.

Nikamtembeza kitanda kwa kitanda. Alitikisa kichwa kila mara, akaandika kila mara. Nilimweleza ubora wa miche, uimara wa mizizi, matumaini ya soko. Akauliza kama yote hii ni ya kitalu changu. Swali la adabu, la mtu aliyeshangazwa na wingi.

Hapo Obed akaingilia, juu ya ua, kana kwamba ameitwa. Akasema, afisa, hiyo nusu ya chini ilikuja juzi na kenta, ni ya shemeji yake wa Makambako. Fidelia naye, aliyekuwa akipalilia, akasema ni kweli, afisa, tumeazima.

Sijawahi kusalitiwa kwa ushirikiano wa namna hiyo. Nilimwambia mhakiki kwamba jirani yangu ana tatizo la macho, na kwamba mke wangu, kwa malezi ya Kilutheri, huona haya kutajwa kuwa na mali. Yote ni yetu, nikasema. Na hii ni sehemu tu.

Amon akanikazia macho. Akauliza, mwalimu, una hakika? Nikasema sijawahi kuwa na hakika zaidi. Akaandika ukurasa mzima. Ukurasa mzima!

Fidelia ameketi juu ya ndoo tangu wakati huo. Anasema bila marejesho hakuna nailoni, na ada ya Idda imeondoka na yule kijana wa koti. Msisimko wake haujafika bado. Utafika.

Jumatano, 18 Juni

Asubuhi ya leo nyasi zote zilikuwa nyeupe na kukatika chini ya viatu kama vioo. Sakitu.

Niseme kilichotokea. Jana, nilipokuwa kando ya ua nikifuatilia mfumo kwenye simu, Fidelia alimuuza nguruwe. Akalipa deni la jogoo kanisani, akanunua nailoni, na Obed akamsaidia kuivuta juu ya vitanda vyote, vyetu na vya Sila. Miche ya Lupembe imeamka kijani. Fidelia aliinua nailoni pembe moja, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akaifunika tena taratibu kama anayemfunika mtoto.

Safu ya langoni, miche bora ya Sila, ndiyo iliyoungua. Walipofika hapo sikuruhusu ifunikwe. Mhakiki angeweza kurudi.

Sila amepigiwa simu. Amecheka tena, kisha akataja bei ya kila mche.

Ijumaa, 20 Juni

Uamuzi umetoka. Rejoice aliniita ofisini, akafunga mlango kwa hisani. Mhakiki ameona kwamba kitalu hakilingani na biashara ndogo iliyoandikwa kwenye ritani. Fedha hairejeshwi; itabaki kukatwa kwenye kodi ya mwaka huu. Kisha akashusha sauti. Akasema, mwalimu wangu, Amon mwenyewe ana mashaka. Kama miche ile ilikuwa ya kuazima, mlete shemeji yako aseme hivyo hapa, marejesho yanatoka, na mama anafidiwa yule nguruwe uliyenisimulia.

Niliomba kwanza nisikie mhakiki alivyokieleza kitalu. Akanisomea. Kikubwa, kinatunzwa vizuri, chenye dalili za kukua kwa kasi. Nikaomba anisomee tena.

Dola imetamka. Nani mimi, mwalimu wa Uraia, nimlete dereva wa kenta kutoka Makambako kuipinga?

Badala yake niliomba kurekebisha makadirio ya mwaka huu. Rejoice alifurahi sana. Alidhani nataka kuyashusha. Nimeyapandisha, yalingane na maelezo ya mhakiki na kuyazidi kidogo, kwa kuzingatia hiyo kasi. Fedha yangu yote iliyo kwao imemezwa, na nyongeza nitailipa mwisho wa mwezi. Rejoice aliuliza mara tatu kama ninajisikia vizuri.

Ninajisikia vizuri kupita kiasi. Nimerudi nyumbani karibu nikikimbia, nikamweleza Fidelia hesabu yenyewe, ambayo ni nyepesi hata kwa mtoto: tukizidisha kodi mara mbili ya mwaka jana, marejesho ya mwaka kesho nayo yatakuwa mara mbili. Ameuliza tutailipa hiyo nyongeza kwa nini. Nimemwambia asiwe na wasiwasi.

Bado tuna jogoo.