Bastola ya Marehemu Nels

Jumatatu, 2 Oktoba 1978
Miti ya mlimani imegeuka dhahabu, nami nimeitazama asubuhi nzima. Ndipo simu ikalia. Bi Solveig Hagestad, mjane wa Nels na katibu wa klabu yetu ya shabaha, anauza bastola ya marehemu. Kwa kuwa mimi ndiye mwenye kitabu cha namba za kiwandani, anaomba niikadirie umri na bei. Nilikubali kwa unyenyekevu. Moyo ulinienda mbio, Mungu anisamehe.

Jumapili ni shindano la Chuma cha Kale: bastola zilizotengenezwa kabla ya 1950 tu. Jina la mshindi huchongwa kwenye ubao ulio juu ya jiko la kuni klabuni. Orrin Tadlock amechongwa mara tisa. Mimi, Anselm Vukasin, sijachongwa hata mara moja. Bastola yangu ni ya 1958. Na daktari asema mtoto wa jicho hatanisubiri msimu mwingine.

Jumanne, 3 Oktoba
Nimeiona! Ee Winifred, mke wangu, laiti ungekuwapo. Chuma cha buluu nzito, kama anga kabla nyota hazijatoka. Mtutu wa inchi sita. Skrubu tano ubavuni. Bastola za baadaye zina nne. Namba iliyo chini ya mpini ndiyo iliyo kwenye silinda, ndiyo iliyo chini ya mtutu. Hakuna kilichobadilishwa. Hakuna aliyeing'arisha upya. Kitabu chasema 1948. Thamani yake ni dola mia tatu, bila ubishi.

Nikakohoa. Nikamwarifu Bi Solveig, kwa masikitiko makubwa, kwamba ni ya 1961. Dola tisini. Alishangaa. Alisema Nels alimwapia kuwa ni ya kale, ila Nels huyohuyo alimwapia pia kuwa ameacha sigara. Akanikatia pai. Nilikula vipande viwili. Masista walionisomesha misheni wasingependezwa.

Jumatano, 4 Oktoba
Ni yangu, kwa dola tisini zilezile. Nilikaa nayo dirishani mchana kutwa, tupu bila risasi, juu ya kitambaa mapajani. Jua lilipita polepole kwenye silinda, tundu baada ya tundu. Niliona patasi ikichonga jina langu na unga wa mbao ukianguka kama theluji. Sikumbuki kama nilikula.

Jumamosi, 7 Oktoba
Ukaguzi wa silaha. Maafa! Nilisahau desturi yetu wenyewe: bastola ikiuzwa baina ya wanachama, katibu huandika mwaka wake daftarini, na daftari ndilo husikilizwa. Bi Solveig alisoma kwa sauti, bila ubaya wowote: "Ya 1961, kwa ukaguzi wa Bwana Anselm mwenyewe."

Orrin alicheka hadi kofia ikamdondoka. "Babu, umepotea njia! Shindano la vijana ni mwezi ujao!"

Nilikuwa na njia mbili. Kukiri mbele ya watu thelathini kwamba nilimdanganya mjane, au kusema nilisoma vibaya. Nilisimama. Niliwaomba radhi wote. Nikasema macho yangu yalinipotosha. Namba ikasomwa upya: 1948! Daftari likasahihishwa. Nikamlipa Bi Solveig nyongeza papo hapo, maana ni haki yake. Kwa dakika nzima nilikuwa mtu mwenye furaha.

Kisha Orrin akainua mkono. "Ngojeni kwanza, jamani. Macho yasiyoona namba iliyo chini ya pua yake, ndiyo tuyape risasi?"

Kamati ikanong'ona. Nisilenge hadi nilete cheti cha daktari wa macho. Daktari hafungui Jumapili.

Jumapili, 8 Oktoba
Niliketi bencini. Bi Solveig aliniuliza kwa upole kama ningemwazima bastola. Nels alimfundisha kulenga kwa hiyohiyo. Ningekataaje? Moshi mwembamba ulielea juu ya nyasi. Milio ilinifikia kama mtu abishaye hodi katika nyumba ya mbali. Nikasahau nilipo. Nilipozinduka, alikuwa amemshinda Orrin kwa alama nne. Orrin alilaumu upepo. Hapakuwa na upepo. Bi Solveig akamwambia, "Pole, mwanangu, labda ulivuma upande wako tu." Jina lake litachongwa. Nilipiga makofi kuliko wote, na machozi yalinitoka kidogo.

Jumatatu, 9 Oktoba
Bi Solveig kapiga simu tena. Amekuta darini bunduki ndefu ya Nels, na shindano la bunduki za kale ni Mei. Aliuliza kwanza kama macho yangu yamepata nafuu. Nilimhakikishia kwamba yanaona vizuri kabisa.

Nimerudi sasa hivi. Bunduki ya ajabu, ya 1936, haina hata doa la kutu. Nimemwambia ni ya 1964. Naenda kuichukua Alhamisi.