Bi. Marlene, Sisimizi Wake na Taa ya Kijani

Kwa Mkurugenzi,
Bi. Glenys Hartnoll,
Karakana ya Vifaa vya Mashambani,
Thebarton, Adelaide.

Mheshimiwa Bi. Glenys,

YAH: BI. MARLENE SCHIRMER AONDOLEWE KWENYE UPIMAJI KABLA HAJAVIMALIZA VIFAA VYOTE

Natumaini barua hii itakukuta salama, na kwamba Bi. Marlene hajakudondosha kutoka juu ya meza ili aone utavunjika wapi. Mimi ndiye mbunifu wa kifaa chetu cha kuitia msaada, kile ambacho mkulima aliye peke yake hukivaa mkandani na kukibonyeza akipata ajali. Si mtu wa kulalamika, lakini maji yamenifika shingoni.

1. Januari, siku ya joto la nyuzi arobaini na tatu, mama huyu alikiacha kifaa changu kwenye dashibodi ya pikapu yake, vioo vimefungwa, tangu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Kikazimika. Mimi nilikipima mezani kwangu, chini ya kiyoyozi, miezi minane, na hakikupata hata mafua. Nilipomuuliza akanijibu, "Brenton, kaka, mkulima hafungi kiyoyozi mkandani." Hiyo ndiyo lugha ya kitaalamu?

2. Alitia betri kinyume. Kwa makusudi! Nikamwambia alama ya kujumlisha inaonekana hata na kipofu. "Haya, mlete huyo kipofu," akasema, huku akipepea moshi uliokuwa ukitoka kwenye bodi yangu. Ofisi nzima ikacheka. Hata wewe, Mheshimiwa, nilikuona.

3. Sisimizi. Naona haya kuandika neno hili katika barua ya kihandisi. Alipaka jemu ya aprikoti kwenye kisanduku, akakilaza chini nyuma ya karakana, akaenda zake kunywa chai. Aliporudi, walikuwa wamehamia ukoo mzima kupitia kitundu cha antena, wanataga mayai juu ya chipu ya mawasiliano. Sasa anataka kitundu kizibwe kwa mpira, na uzinduzi uchelewe wiki tatu. Wiki tatu, kwa ajili ya wadudu ambao hawajatununulia hata kifaa kimoja!

4. Hili ndilo lililoniuma hasa. Taa ya kijani niliibuni kwa huruma: ukibonyeza tu, inawaka, maana yake tumekusikia, tunakuja. Bi. Marlene anadai isiwake mpaka jibu lirudi kweli kutoka kituo kinachopokea miito. Eti taa isiseme uongo. Nikamweleza kwamba mtu aliyeumia anahitaji faraja. Akaniuliza, "Faraja ya nani, Brenton?" Tangu hapo hatusalimiani.

5. Mwisho, takwimu. Kabla Bi. Marlene hajaajiriwa, hatukuwahi kugundua kifaa kibovu hata kimoja. Tangu aje, ni kumi na tisa. Akiondolewa, ubovu utakwisha siku hiyohiyo. Napendekeza apewe kazi ya kununua maziwa ya chai, mradi asiyapime.

Ushahidi ninao. Mwezi uliopita nilimpelekea baba yangu, Mzee Clem, shambani kwake karibu na Hawker, kifaa ambacho mama huyu hajakigusa. Hadi leo sijasikia lalamiko lolote.

Wasalimie wote hapo, pamoja na Kev wa stoo na mbwa wako. Bi. Marlene simsalimii, ila naomba aambiwe kwamba sikumsalimia.

Wako mtiifu,
Brenton Pascoe
Mbunifu Mkuu

N.B. Nilikuwa sijaifunga bahasha, jirani wa baba akapiga simu. Jumanne pikipiki ya baba ya magurudumu manne ilipinduka ikamlalia mguu, kando ya hori la ng'ombe. Akabonyeza kitufe. Sisimizi walikuwa wameshahamia, ujumbe haukutoka. Jirani alikuwa akitengeneza uzio hapo karibu asubuhi yote, umbali wa kusikia mtu akiita. Baba hakuita. Alikaa juani kwa muda wa saa sita, mpaka jirani alipokuja kunywesha farasi.

Leo nimemkuta hospitalini. Nikamuuliza, "Baba, kwa nini hukupiga kelele?" Akanishangaa. "Nisumbue watu kwa nini, mwanangu? Taa yako ilikuwa inawaka. Nilijua mnakuja."

Barua naituma hivyohivyo. Naomba uisome yote mbele ya Bi. Marlene, na umpe salamu zangu. Wiki tatu hazitoshi, mpe sita. Jemu nitanunua mimi.