Jozi Mbili za Buti, Kiti Kimoja

Jumatatu, 3 Juni

Nyota yangu imeng'aa! Naandika haya nimejifunika shuka. Mke wangu anadhani nimelala.

Asubuhi Fundi Mkuu alituita mimi na shemeji. Tukasimama mbele yake na vumbi la mbao hadi kwenye nyusi. Akasema msimamizi wa zamu anastaafu mwisho wa mwezi, na nafasi yake itachukuliwa na mmoja wetu. Nafasi ile ina kibanda cha vioo kule juu ya karakana. Ndani ya kibanda kuna kiti cha kuegemea. Mbele ya kiti kuna dirisha, na nje ya dirisha kuna mawingu, mawingu matupu, yanapita tu. Tangu nianze kubeba mbao hapa nakitazama kiti kile kutoka chini. Sitaki kingine. Mgongo wangu nao hautaki kingine.

Kisha akatupa mtihani. Wafanyakazi wote watanunuliwa buti mpya, maana misumari na vibanzi vimetumaliza miguu. Mimi na shemeji kila mmoja aende duka la viatu la njia panda, achague jozi yake, karakana italipa. Tuzivae hadi Jumamosi. Zitakazokuwa zinavalika kwa raha na hazijaharibika, hizo ndizo watakazovaa wote, na aliyezichagua ndiye msimamizi.

Shemeji akaitika "sawa, Fundi," akarudi kwenye randa yake. Huyu ni kaka wa mke wangu. Mtu mwema, sina ugomvi naye, ila ni mzito! Akiwekewa chai huitazama kwanza kana kwamba imemwuliza swali. Watu humwita Taratibu. Mimi huniita Mawingu. Sasa mtu aniambie nani ana akili ya kufika mbali.

Jumanne, 4 Juni

Nimewahi. Mama mwenye duka alikuwa bado anafungua milango, mimi niko kizingitini, miguu nimeiosha, nimevaa soksi zangu nyembamba za harusini. Haiwezekani mtu akachague buti za cheo kwa soksi zenye gundi.

Nikaziona. Rangi ya asali! Nyembamba, zimechongoka kidogo mbele, kamba zake zinametameta. Nikaketi kwenye benchi, nikazivaa, nikafumba macho. Wengi huchagua viatu kwa macho, ndiyo maana hawafiki popote. Mimi husikiliza. Nikagonga sakafu kwa kisigino. Ko. Ko. Nikamsikia msimamizi akishuka ngazi za kibanda cha vioo. Mashine zikanyamaza zenyewe. Watu wakapisha. Nikatazama ni nani, kumbe ni mimi!

Mama mwenye duka akanigusa bega. Akasema nirudi jioni nikitoka kazini, maana mguu ukisimama kutwa huvimba, na mguu wa asubuhi si wa kuaminika. Nije na soksi nzito za kazi. Nijaribu nikiwa nimesimama, kidole gumba kipate nafasi mbele, kisigino kisicheze nyuma. Halafu akaikunja soli ya buti zangu za asali, akanionyesha kuwa imebandikwa kwa gundi tu, haina hata uzi mmoja. Maneno mengi! Nikamjibu kwa adabu kwamba mguu wangu nimezaliwa nao, tunajuana. Nimemshtukia. Anataka anipe namba kubwa amalize mzigo wake.

Jioni mke wangu kaniambia kaka yake naye amepita dukani akitoka kazini. Alikaa humo muda mrefu hadi mama mwenye duka akamletea kiti, naye akakikataa. Alikuwa akipanda kizingiti na kushuka. Anachuchumaa, anainuka. Anakunja soli, anavuta uzi. Ameondoka na buti nyeusi, pana kama mikate miwili. Nimecheka hadi nikapaliwa.

Mke wangu hakucheka. Amesema mmoja ni mumewe na mwingine ni ndugu yake wa tumbo moja, kwa hiyo tusimtie katikati. Nikamwahidi kwamba nikishapanda kule juu, kaka yake nitamtunza.

Jumatano, 5 Juni

Asubuhi ilikuwa tamu. Niliingia karakana ko, ko, ko, kila shingo ikageuka. Shemeji aliingia nyuma yangu na mikate yake. Hakuna aliyemsikia.

Kabla ya chai, mguu wa kulia ukaanza kulalamika. Baada ya chai wa kushoto ukaunga mkono. Kufikia mchana kidole gumba kilikuwa kinabisha hodi kwenye chuma cha mbele kinachokinga vidole kama mtu aliyefungiwa ndani. Nikajikaza kisabuni. Nikabuni njia ya kufanya kazi bila kutembea: niliomba kushika mbao zinapotoka kwenye msumeno, huku nimeegemea nguzo. Pale nguzoni nikaota kidogo. Niliota niko kwenye kiti kile, miguu mitupu, wingu limeingia dirishani na kujilaza juu ya vidole vyangu kama paka. Nikatabasamu. Ubao ukapita, ukaanguka. Fundi Mkuu akaguna.

Kurudi nyumbani nilitembelea visigino. Fundi wa madirisha aliniuliza kama nimeumia, nikamwambia huu ndio mwendo wa wasimamizi. Alinitazama, kisha akanivuta pembeni. Akasema buti ikibana, ijaze maharagwe makavu hadi katikati, tia maji, iache kidogo tu. Maharagwe yakivimba, ngozi inatanuka. Ila niyatoe mapema.

Akili! Nimefika, mke wangu yuko kwa jirani, nikaingia jikoni. Nimeona kama hadi katikati kunatanua, basi hadi juu kutatanua zaidi. Nimejaza hadi kwenye ulimi, nikamimina maji, nikakaza kamba ili yasitoroke. Mapema ya nini? Nayaacha hadi asubuhi. Nalala nikizisikia zikinong'ona pale pembeni. Maharagwe yanakunywa maji. Sauti nzuri sana.

Alhamisi, 6 Juni

Hayatoki!

Yamevimba yakashikana, yamekuwa kitu kimoja, kama mguu wa mtu mwingine ulioingia kabla yangu. Nimepindua, nimegonga ukutani, nimevuta. Mke wangu kasimama mlangoni na sufuria mkononi, akauliza maharagwe ya wiki nzima yako wapi. Nikamwonyesha. Kisha akasema kwa upole ulioniuma kuliko kelele:

"Baba watoto, kile kiti kimekuchukua akili. Ukikikosa, utabaki na nini?"

Nikaona kweli nakitaka hadi naogopa.

Nimeenda kazini na kandambili. Nimeshinda nyuma ya magunia ya vumbi la mbao nikijifanya nayapanga, buti ziko kwenye mfuko, nakwangua kwa kijiko. Punje moja moja. Kazi ya utulivu, ukiizoea. Jua lilikuwa linapenya kwenye nyufa za mabati, vumbi linaelea ndani ya mwanga, nami nikatazama hadi nikasahau nakwangua nini. Nilishtuka kengele ya kutoka inalia.

Habari njema: buti zimetanuka. Habari nyingine: soli ya kulia imeachia kwa mbele na inachungulia nje. Nimeifinya, nimeiambia ivumilie hadi Jumamosi. Zina harufu kidogo. Mbele kabisa, chini ya kile chuma, zimebaki punje ambazo kijiko hakizifikii. Nani ataangalia huko?

Ijumaa, 7 Juni

Sijui kama niiandike. Naandika.

Leo nilizivaa buti za asali zikiwa mbichi. Kila hatua ilikuwa chwa, chwa. Ile ko yangu imekufa. Shemeji siku nzima alikuwa anazunguka kati ya mashine kana kwamba yuko sebuleni kwake. Mchana akazivua zake, akaziweka juani karibu na magunia, akaenda kuosha miguu.

Nikapata wazo. Mpinzani lazima ajulikane udhaifu wake! Nikaona nizijaribu kidogo, nipate la kuzisema kesho mbele ya Fundi Mkuu. Nikavua zangu. Nikaingiza mguu wa kulia.

Lo.

Nikaingiza wa kushoto. Vidole vyangu vikafunguka kimoja kimoja, kama watu wanaoamka siku ya mapumziko. Nikajiegemeza kwenye gunia ili nichunguze vizuri. Gunia likanipokea. Nikaona paa la karakana limeondoka. Nilikuwa natembea juu ya mabati ya mji mzima, nyumba hadi nyumba, hakuna bati lililolia, hakuna kilichoniuma, na chini watu wote wanaendelea na kazi zao wakiwa na miguu mizima. Nikafika kwenye kibanda cha vioo. Fundi Mkuu alikuwa ananisubiri humo, uso wake umejaa mwanga.

Akaniuliza, "Mawingu, hizo buti zikoje?"

Nikamjibu kwa moyo wangu wote, "Fundi, wape watu wote hizi. Usiwape nyingine. Mimi hata nikifa nisivuliwe."

Akasema asante. Kisha nikasikia watu wanacheka, na ndani ya ndoto hakukuwa na watu wengine. Nikafumbua macho. Fundi Mkuu alikuwa amesimama mbele yangu kweli, mikono mgongoni. Nyuma yake karakana nzima. Na shemeji, peku, maji yanamchuruzika miguuni, ananitazama. Hata kucheka hakucheka.

Jumamosi, 8 Juni

Ukaguzi ulifanyika kwa heshima. Buti za shemeji ziliwekwa mezani, Fundi Mkuu akazikunja, zikakunjika. Akakagua mishono, yote ipo. Zikafuata zangu. Akakunja ya kulia tu, soli ikafunua mdomo wote, na punje ya maharagwe ikadondoka mezani. Imeota! Ina kimkia cheupe.

Nilijitetea. Nilisema kiatu kinachoweza kuotesha kitu kina uhai, na kwamba tusiwe na haraka ya kuhukumu. Fundi Mkuu alinisikiliza hadi mwisho. Akasema ushahidi mkubwa zaidi nilimpa mwenyewe jana, tena bila kulazimishwa. Akampa shemeji ufunguo wa kibanda.

Nilimpa mkono. Nikamwambia hongera shemeji. Sikuigiza.

Jumapili, 9 Juni

Nimelala chali kutwa. Nina huzuni, basi, niseme tu. Nilikitaka kile kiti. Mke wangu amenipaka mafuta kwenye malengelenge, kidole baada ya kidole, hakunisema hata mara moja. Angenisema ningejisikia nafuu.

Nje kulikuwa na mawingu. Sikuyatazama.

Jumatano, 19 Juni

Buti mpya zimefika, za kila mtu. Shemeji alizigawa mwenyewe. Zamu yangu ilipofika, karani wa karakana aliuliza namba, nikataja ile yangu ya asali. Shemeji akatikisa kichwa, akatoa jozi nyingine aliyokuwa ameiweka pembeni. Nikavaa. Ilikuwa sawasawa! Nikamwuliza amejuaje. Akajikuna kisogo, akatazama chini.

"Siku ile ulipolala, shemeji, kabla sijamwita Fundi aje akuone, nilipima nafasi kwa kidole pale mbele ya buti zangu ulizovaa. Nilijua utadanganya namba."

Kwa hiyo ndiye aliyemwita! Nikataka kukasirika. Miguu ikakataa, ilikuwa imestarehe mno.

Ijumaa, 28 Juni

Leo ndiyo siku ya kwanza ya shemeji kule juu. Hakukaa hata dakika. Kutwa yuko chini, anapita kwa watu, anauliza nani kanyanyua nini kizito. Mchana akanifuata nikiwa nimeegemea gunia. Akasema kiti kile kinamuuma mgongo, yeye hajazoea kukaa, na ni makosa kiti kizuri kikae bure saa ya mapumziko. Akanipa ufunguo.

Nikapanda. Ngazi zote, bila maumivu, bila sauti.

Nikakaa.

Sitaeleza yote. Kiti kiliniegemeza. Dirisha lilikuwa wazi. Wingu moja lilikuja polepole, pana, halina haraka ya kwenda popote, likasimama mbele yangu, na macho yangu yakajaa machozi, sioni aibu kuandika. Nilimpenda shemeji wakati ule kama kaka yangu wa damu.

Halafu nikafikiri vizuri. Miguuni nina buti bora. Kiti nimekalia. Mawingu nayaona. Na nani aliyemwambia Fundi Mkuu achague buti hizi? Si mimi? Mbele ya mashahidi! Kwa hiyo mpango wangu ulifaulu kila hatua, isipokuwa watu hawakuufuatilia vizuri.

Wingu lilipopita ndipo nikaona. Kutoka kwenye dirisha hili, ng'ambo ya uwanja wa mbao, unaona moja kwa moja ndani ya ofisi ya Fundi Mkuu. Ana kiti kikubwa kuliko hiki. Kina pa kuwekea mikono. Na kinazunguka!

Jioni shemeji amesema Fundi Mkuu anataka makoti ya mvua kwa wafanyakazi wote, na yeye angependa twende wote dukani kuyachagua, kesho baada ya kazi, tukiwa na nguo zetu za kazini. Nimemwambia vizuri sana, shemeji, tutakwenda.

Lakini kukikucha tu, mimi nitakuwa dukani. Kuna koti moja la rangi ya fedha nimeliona kwenye dirisha la duka, lina ukosi wa kusimama. Nitavaa shati langu jembamba, ili linikae.