Kitunguu Kitakachoitwa Okullo

Jumatatu, 3 Machi 1975

Nimerudi kutoka Mlima Elgon nikiwa mzima. Viatu si vizima. Nimeleta kitunguu, mfuko mzima!

Si kitunguu cha sokoni. (Sokoni hakuna.) Hiki ni cha mwituni, kidogo kama gololi, ua jeupe lenye mstari wa zambarau. Nilikikuta juu kabisa, nyuma ya mwamba, mahali nilipojificha kwa ajili ya tumbo. Nilishika majani ili nisianguke, mkono ukanuka kachumbari. Huo ndio ugunduzi wenyewe. Katika maandishi rasmi nitasema nilikuwa nachunguza miamba.

Bi Acen, mkuu wetu katika chumba cha mimea mikavu, amepekua vitabu hadi mchana. Hakimo. Akavua miwani, akasema inawezekana kabisa hakuna mtu aliyewahi kukiandika duniani. Yaani mimi ni wa kwanza! Karani Okullo, kidato cha nne! Nikamwambia papo hapo kwamba kitaitwa Okullo, kwa Kilatini. Akacheka hadi machozi. Akaeleza: anayeandika maelezo ya mmea mpya ndiye anayeupa jina, lakini hajipi jina lake mwenyewe. Ni aibu, kama bwana harusi kujipigia vigelegele. Lazima akupe mwingine.

Basi atatafutwa huyo mwingine.

Jioni nilimweleza dada yangu Laker, ninayekaa kwake hapa Naguru. Alishika kichwa. Alisema siku hizi watu wenye majina ya kwetu kaskazini wanayanong'ona, wengine wametoweka kwa sababu ya herufi O ya mwanzo tu, "na wewe unataka la kwako lichapwe lizunguke dunia!" Sikulala vizuri. Lakini lichapwe.

Jumanne, 4 Machi

Mpango umepatikana. Tarcisio Mugisho! Mkongomani wa meza ya dirishani, aliyefukuzwa seminari huko Bukavu lakini akaondoka na Kilatini chote. Maelezo ya mmea mpya lazima yaandikwe Kilatini. Kilatini changu mimi kinaishia kwenye "amina". Nitampa aandike; kwa shukrani atakipa kitunguu jina langu. Safi.

Simpendi Tarcisio. Anakunywa chai yangu na kuiita ya ofisi. Hata hivyo nilimpelekea maandazi. Akayatazama, akauliza, "Yaya Okullo, nani amekufa?" (Kwao yaya ni kaka.) Nikamweleza. Akakubali upesi mno. Mtu anayekubali upesi hivyo ana jambo. Nilimuuliza tena na tena kama kweli jina litakuwa langu. Mwishowe alisema nikiuliza tena atakiita jina la shangazi yake.

Alhamisi, 6 Machi

Jumatatu ile ile Bi Acen aliagiza kitunguu kitumbukizwe kwanza katika maji yanayochemka, ndipo kibanwe kati ya mbao kikauke. Alisema kitunguu hakifi ovyo. Kikibanwa kibichi kinaendelea kuota humo humo. Niliogopa rangi ya zambarau itatoka. Nikasema nimekichemsha. Nilikilaza kibichi katika magazeti yaliyokwisha kusomwa, kama tunavyolaza mimea yote, nikakaza mikanda.

Harufu! Jengo zima linanuka. Ghorofa ya chini wameanza kuulizana nani ana vitunguu. Bidhaa zimeadimika mjini. Mwenye navyo ni mtu wa magendo. Mchana Peugeot nyeupe, kama zile za watu wa usalama, ilisimama langoni, vioo vimefungwa. Hakushuka mtu. Ikakaa. Ikaondoka.

Nimeshinda msalani.

Ijumaa, 7 Machi

Wamekuja.

Kapteni Aluma na askari wawili. Alisema amepata habari kwamba hapa kuna ghala la vitunguu. Akafuata pua yake moja kwa moja hadi kwenye mbao zangu. Akaamuru zifunguliwe. Bi Acen akalegeza mikanda.

Sasa, sisi hubana mimea katika magazeti. Na magazeti ya siku hizi, ukurasa wa kwanza, yana picha ya Mheshimiwa Rais. Sijawahi kulifikiria hilo hata siku moja! Kitunguu changu, ambacho sikukichemsha, kilikuwa kimeota. Chipukizi la kijani lilikuwa limetoboa karatasi na kutokea katika tundu la pua ya Mheshimiwa. Shavu lake lilikuwa limelowa.

Niliisikia saa ya ukutani, ambayo iliharibika mwaka juzi.

Kapteni akauliza polepole, "Hii kitungu ya nani? Nani natia kitungu kwa pua ya Mzee?"

Nikasikia sauti yangu ikisema ni cha Tarcisio. Kwamba Tarcisio ndiye aliyekigundua mlimani, Tarcisio ndiye aliyekibana, mimi hata mlima wenyewe siujui. Nikaapa kwa marehemu baba. Baba hajafa. Yuko Lira.

Tarcisio alinitazama kwa muda ambao sikuupenda. Kisha akasimama, akafunga kifungo cha juu cha shati, akasema, "Ndiyo, afande. Ni changu." Akaeleza kwamba mmea wa kwanza wa aina yake duniani hauwezi kulazwa juu ya tangazo la sabuni, hulazwa juu ya picha ya heshima. Na afande ajionee: ulifika hapa umenyauka, hauna maji, hauna udongo, lakini ulipoguswa na Mzee ukapata nguvu ukaota!

Kapteni alitazama kitunguu. Akatazama picha. Akaangua kicheko cha kutikisa madirisha. Askari wakacheka baada yake, mimi nikawa wa mwisho. "Hata kitungu nasikia amri yake!" Bi Acen haraka akajitolea kukipa jina la Kapteni. Kapteni akakinusa, akarudisha kichwa nyuma. "Hapana. Mke yangu tasema nini?" Akaamuru kiitwe jina la mtu aliyekigundua, akampiga Tarcisio begani. Akaondoka na vitunguu vyangu vyote vilivyobaki kwenye mfuko, kwa uchunguzi. Nadhani vitachunguzwa kwenye kikaango.

Niko hai. Nimelia kidogo kwa furaha. Halafu nikaelewa kwamba kitunguu changu kitaitwa Mugisho, nikalia tena.

Jumapili, 9 Machi

Laker amenipeleka kanisani kushukuru. Amesema nimshukuru pia Tarcisio, maana angeweza kunikana mbele ya bunduki. Nimelifikiria kwa haki. Ni kweli aliniokoa. Lakini hakuweza kuniokoa bila kuchukua kitunguu?

Jumatano, 12 Machi

Tatizo jipya. Bi Acen anasema Tarcisio sasa hawezi kuwa mwandishi wa maelezo, kwani atakuwa anajipa jina lake mwenyewe. Kilatini kiko tayari. Anatakiwa mtu mwingine aweke jina lake kama mwandishi. Wote wakanigeukia mimi.

Niliona mtego. Nikipe kitunguu changu jina la adui kwa mkono wangu mwenyewe? Na Kapteni akikumbuka ile pua, jina la kwanza atakaloliona liwe Okullo? Nikasema macho yananiuma. Nikasema na kidole pia kinauma. Tarcisio akanibembeleza, sauti ya padri kabisa: "Yaya, weka la kwako. Nakwambia kwa faida yako, weka."

Aha! Akibembeleza, kuna jambo. Nikakataa katakata. Mwishowe Bi Acen akaweka la kwake.

Nimekwepa! Nimekula ugali wa watu wawili.

Ijumaa, 14 Machi

Bi Acen amenionyesha jinsi kitakavyochapwa: Allium mugishoi Acen. Allium ni kitunguu, mugishoi ni Tarcisio. Nikauliza jina lake linafanya nini hapo nyuma. Akasema ndiyo desturi. Jina la mwandishi hufuata jina la mmea katika vitabu vya wataalamu, hata sote tukishakufa. Akashangaa kwamba sikujua, miaka yote hii nikiandika vibandiko.

Tarcisio alikuwa anakunywa chai yangu. Alisukuma sukari upande wangu tu.

Nilitoka kupata hewa. Nikapanda basi lolote, nikajikuta Luzira. Chini kabisa ya ukuta wa gereza kuna mmea wenye ua la bluu ambao haumo katika kabati letu lolote. Nina hakika! Nilipoinama, askari wa mnarani akapiga filimbi. Nikakimbia hadi bandarini Port Bell.

Jumatatu narudi na jembe dogo. Safari hii nimefikiria kila kitu. Wakinikamata na kuuliza ni nani aliyeugundua, nitasema Tarcisio Mugisho.