Somo Langu la Kuinua Gunia

Leo nimeaibika, jamaa zangu. Nimeaibika nikiwa nimesimama, nikaaibika nikiwa nimepiga magoti, kisha nikaikamilisha aibu hiyo nikiwa nimelala juu ya mkokoteni. Nawaandikia kifudifudi, kwa hiyo ubaya wa mwandiko huu si wangu, ni wa mto wa kulalia. Nimeharakisha kwa sababu Kasereka, kiongozi wa wapagazi ghalani kwetu, jioni hii atakuwa kilabuni Kabalagala, na glasi ya pili ya waragi ikishamwingia, kisa chochote mdomoni mwake huota pembe. (Mkimaliza kusoma, karatasi hii iwashieni jiko.)

Kazi yangu mnaijua. Tangu Kiswahili kitangazwe kuwa lugha ya taifa hapa Uganda, mimi ndiye ninayeyatafsiri maagizo ya ghala la serikali, na ghala lenyewe liko chini ya Kapteni mmoja wa jeshi. Wapagazi hubeba magunia ya sukari ya kilo mia, mtu mmoja gunia moja. Siku hizi viuno vyao vinaharibika kimoja baada ya kingine. Ssalongo, baba wa mapacha mwenye kifua kama mlango, sasa hutembea kama anayetafuta sindano sakafuni.

Kasereka, mtu wa Butembo kule Kongo, alinijia juzi. "Mwalimu, weye unajua kusema muzuri. Ambia Kapteni gunia moja ibebwe na batu babili. Tutakufa na migongo."

Nikaenda, nikasema kwa adabu zote. Kapteni akanisikiliza huku akichokonoa meno.

"Mgongo kuuma ni uvivu," akasema. "Lakini wewe fundisha hawa watu kubeba, mimi nakuja kuona. Kama iko na maana, mimi nakubali watu wawili. Kama hapana, kila mtu ya mgongo mbaya anakwenda nyumbani."

Nyumbani, maana yake bila kazi. Ssalongo ana mapacha na wengine waliowafuata. Ndipo nikaandaa somo kwa uangalifu ambao sijawahi kuutumia hata katika mitihani yangu mwenyewe.

Asubuhi hii wapagazi walijipanga mbele yangu. Nilivaa suti ya kijivu na tai. (Mke wangu aliuliza: "Suti, ya kwenda kuinua magunia?" Nilimjibu kwamba mavazi ni sehemu ya hoja.) Sehemu ya kwanza ya somo ilikuwa kuvinyoosha viungo kabla ya kazi. Nikawaamuru wazungushe mabega, wazungushe viuno, wachuchumae na kuinuka taratibu mpaka damu ichangamke. Wakafanya. Mimi nikaeleza.

"Mwalimu, nawe zungusha kidogo tuone!" Ssalongo akaita.

"Mimi ni mfundishaji," nikamjibu, "si mfano."

"Kwani Mwalimu ana kiuno kweri?" akawauliza wenzake. Wakacheka. Nikawasamehe.

Sehemu ya pili ilikuwa kuinua, nayo haielezeki kwa mdomo tu. Nikachagua kigunia cha chumvi. (Mimi ni msomi, si punguani.) Nikasimama karibu nacho, nikatanua miguu, mgongo ukiwa umenyooka. Nikakunja magoti, nikaliweka goti moja sakafuni, nikakivuta kigunia mpaka juu ya paja, nikakikumbatia kifuani. "Nguvu hutoka mapajani," nikasema, "kiuno hakina neno hapa." Kisha nikawatangulizia kanuni ya sehemu ya tatu, ambayo ndiyo kuu: mwenye mzigo mikononi asigeuze kiuno kamwe. Ageuke kwa miguu. Nikawakaririsha kwa sauti:

"Miguu kwanza!"

"Miguu kwanza!" ghala zima likaitika.

Nyuma yangu zikasikika buti.

Jamaa zangu, katika mji huu hakuna mtu anayesikia buti nyuma yake akapanga kwanza jinsi ya kugeuka. Nikageuka ili nimwamkie Kapteni. Niligeuka kwa kiuno. Kigunia kifuani, goti chini, shingo mlangoni.

Mgongo ukalia kwach!

Goti la pili nalo likashuka. Nikabaki hapo, magoti yote mawili sakafuni mbele ya ofisa wa jeshi, nimekumbatia chumvi ya serikali, machozi yananilengalenga. (Sasa nilikuwa mfano.)

Kapteni akanitazama kuanzia tai hadi magoti. "Mwalimu. Wewe naomba msamaha ya nini?"

Nilitaka kujibu. Pumzi ikakataa.

Hapo Ssalongo akafanya jambo la utu ambalo nusura lituangamize. Kwao Buganda, mtu akipiga magoti mbele ya mkubwa, wenzake hawamwachi aombe peke yake. Aliona nimepiga magoti, akaona machozi, akadhani nimekwisha kuambiwa kwamba kazi zao zimekwenda na ninawaombea. Basi naye akapiga magoti. "Bambi, tafadhali Afande, tusamehe!" Aliyekuwa karibu naye akapiga magoti. Kisha mwingine. Punde si punde ghala zima lilikuwa chini, wote wakiomba msamaha, na hakuna hata mmoja aliyejua kosa.

Ghala zima la wapagazi haliombi msamaha bure. Kapteni aliwaza upesi, na mkono wake ukashuka kwenye mkanda penye bastola.

"Sukari yangu iko wapi?"

Mnajua swali kama hilo huishia wapi, nami sitapaandika. Woga ukanirudishia pumzi.

"Afande," nikasema, "siombi msamaha. Naomba kusimama."

"Simama, basi!"

"Siwezi, Afande."

Kukataa amri ya kapteni si jambo dogo. Akainama, akanichungulia usoni, akakitazama kigunia, akanitazama tena. "Wewe naumia? Kwa hii gunia ya mtoto?" Mabega yake yakaanza kutikisika. Akacheka mpaka kofia ikaanguka. Wapagazi walibaki wamenyamaza kama ukuta. Akawageukia kwa ukali: "Nyinyi haoni kitu ya kucheka?" Ndipo wakacheka, na kwa kuwa ilikuwa amri, waliitimiza kwa bidii ambayo naona haikuwa ya lazima.

Kisha akaamuru niondolewe. Kasereka akawaita watatu, wakanizunguka. Nami, katika hali ile, nikaona somo lisiharibike. "Karibieni mzigo! Tanueni miguu! Kunjeni magoti! Wewe, usigeuze kiuno!"

"Mwalimu, nyamaza," Kasereka akasema. "Muzigo haisemake."

Wakaniinua. Bila mtikisiko, bila kuguna, migongo imenyooka kama milingoti. Wote wanne wakageuka kwa miguu, wakanilaza juu ya mkokoteni. Sijawahi kufundisha somo likaeleweka namna ile.

Kapteni naye aliona. Akasimama kando ya mkokoteni, ameacha kucheka. "Huyu Mwalimu ni mfupa na suti tu, na nabebwa na watu wanne," akasema polepole. "Gunia ya sukari ni kilo mia, na nabebwa na mtu mmoja?" Akafikiri. "Kuanzia leo, gunia moja, watu wawili."

Ssalongo akanibana mkono kwa shukrani. Hata hilo liliuma.

Nikasukumwa hadi nyumbani mchana kweupe, nikitazama mbingu. Mama mmoja muuza samaki kutoka Ggaba akamwuliza Kasereka barabarani, "Ssebo, na huyo anauzwa?" Kasereka akamjibu, "Huyu? Hata bure bamekataa!" Mke wangu akafungua mlango, akaitazama suti, akaniuliza jambo moja tu: "Viungo vyako ulivinyoosha kwanza?"

Basi kesho, mkija kunijulia hali, kaeni kwa adabu na wala msicheke. Heshima nimekwisha kuiaga. Naogopa tu kwamba mkianza nitacheka nanyi, na mgongo huu bado hauwezi kicheko.