Kitambulisho cha Nasike na Filamu ya Shilingi Hamsini

Jumamosi, 2 Septemba 2006

Leo nimepiga hesabu ya burudani. Mimi ni karani wa mizani katika ghala la mahindi hapa Kitale. Napima magunia kutwa. Hakuna wa kunidanganya juu ya uzito wa kitu.

Kukodi filamu kwa Jepkosgei: shilingi hamsini, usiku mmoja, ukichelewa faini. Kibanda cha video cha sokoni: shilingi kumi, lakini ni benchi na jasho, na jirani yangu Kibiwott hukaa nyuma akitangaza mapema nani atakufa. Hoteli yenye dishi la TV: bei ya chai tu, ila unatazama anachopenda mwenye hoteli, naye anapenda mieleka. Chai ya jana niliinywa saa mbili nzima. Mhudumu alikuja kufuta meza mara nne. Mara ya nne alifuta na mkono wangu.

Uamuzi: nikodi, lakini kwa akili. Hamsini yangu, kisha niite majirani kumi, kila mmoja shilingi kumi. Natazama bure na faida juu. Sijui kwa nini watu hawafikirii.

Tatizo dogo. Jepkosgei hatoi diski mpaka umwachie kitambulisho, akibandike stika yenye jina la filamu asije akachanganya. Changu kiko Bungoma tangu Pasaka, kwa Tonny, naye pia hukodisha filamu. Sababu sitaki kuiandika hata humu. Basi nimechukua cha mke wangu, Nasike, kwenye mkoba wake. Hajui. Alhamisi ana intavyu Bungoma, kazi ya kupokea pesa katika chama cha ushirika cha wakulima. Miaka mitatu ametafuta kazi. Barua imesema aje na kitambulisho chenyewe, si kopi. Lakini hii ni ya usiku mmoja tu, na Alhamisi iko mbali.

Filamu ni ya Kinaijeria. Mke Mwizi, Sehemu ya Kwanza.

Jumapili, 3 Septemba

Baada ya kanisa walikuja watu kumi na mmoja. Waliolipa: wawili. Phelista, mzee wa kanisa wa nyumba ya pili, aliuliza tangu lini jirani akalipishwa kuketi kwa jirani. Kisha akauliza kama chai iko njiani. Nasike alipika chai ya watu wote kwa aibu. Sukari ya wiki imekwisha.

Mke mwizi alikuwa ndiyo kwanza anafungua sanduku la mumewe, stima ikapotea. Diski ndani ya deki ya DVD. Tukangoja mpaka giza. Wale wawili wakadai warudishiwe pesa zao.

Nimejaribu kuitoa diski kwa kisu cha jikoni. Imeingia ndani zaidi.

Jumatatu, 4 Septemba

Nimebeba deki nzima hadi kwa Jepkosgei. Nimemwambia filamu yake imo humo ndani, achukue. Akauliza kama nikiazimwa kitabu hurudisha na kabati. Wateja wakacheka. Kwake stima ilikuwepo, akachomeka, taa ikawaka, lakini mlango wa deki ulikataa kufunguka. Kwa sababu ya kisu, bila shaka. Akanishauri nitafute fundi.

Fundi ni pesa. Nikafungua mwenyewe kwa bisibisi. Deki ni nzima. Diski pia imetoka, vipande viwili.

Jepkosgei hakupiga kelele. Alisema niende nilete diski nyingine au bei yake, ndipo nipewe kitambulisho. Bei yake sina, na mshahara ni mwisho wa mwezi.

Jioni Nasike alianza kupanga vitu vya Alhamisi. Akafungua mkoba. Nikatoka kuangalia kuku. Hatuna kuku.

Jumanne, 5 Septemba

Siku mbaya. Naandika ili nisiisahau, ingawa ningependa kuisahau.

Nasike ametafuta kila mahali. Nami nimetafuta pamoja naye. Nimeinua godoro. Nimetikisa viatu vya binti yetu, Lenah. Nimechungulia ndani ya sufuria ya maziwa. Akanishukuru. Alisema, asante Baba Lenah, wengine wangeketi tu. Nikaendelea kuchungulia sufuria kwa sababu sikuweza kumtazama.

Kisha akakumbuka kwamba mdogo wake, Nakhungu wa Bumula, alilala kwetu juma lililopita. Akampigia simu. Akamuuliza kwa upole mara ya kwanza, mara ya pili si kwa upole. Nakhungu alilia. Nilimsikia toka nilipoketi. Nilikuwa natafuna ugali na sikuacha kutafuna. Ningeacha, Nasike angeuliza kwa nini.

Mchana nilimsindikiza hadi kituo cha polisi kuripoti kimepotea. Ofisa aliuliza kama kuna mtu tunayemshuku. Nasike akasema hapana, hataki kumharibia mdogo wake jina. Ofisa akanigeukia. Nikasema hapana. Akaandika, akagonga muhuri. Nimeidanganya serikali kwa ajili ya filamu ambayo hata mwisho wake siujui.

Jumatano, 6 Septemba

Nimeomba ruhusa kazini kwamba tumbo linauma. Kwa kweli lilikuwa linauma.

Nimekwenda mpaka Suam, mpakani. Pale wachuuzi wanauza diski chini ya nusu ya bei ya duka. Nikaipata Mke Mwizi, Sehemu ya Kwanza, picha ileile kwenye karatasi. Nikarudi Kitale nikijipongeza.

Jepkosgei aliijaribu mbele ya wateja. Mganda mmoja anaongea Kiganda juu ya filamu mwanzo hadi mwisho. Mume akilia, yeye anacheka. Halafu kuna kichwa cha mtazamaji mbele ya picha, kinainuka, kinaenda, kinarudi na kitu cha kula. Jepkosgei aliitoa kwa vidole viwili akanirudishia. Alisema anakodisha filamu, hakodishi vichwa.

Nilikuta Nasike anajiandaa kwenda kulala Bumula kwa Nakhungu, apate kuomba msamaha na asubuhi awe karibu na Bungoma. Ana karatasi ya polisi tu. Phelista alikuja kumwombea. Aliomba kwamba mkono uliochukua kitambulisho usipate usingizi. Niliitikia Amina. Kwa sauti.

Alhamisi, 7 Septemba

Sikupata usingizi.

Jepkosgei alipofungua duka nilikuwa mlangoni na baiskeli yangu. Nilimwachia baiskeli, akaniachia kitambulisho. Nikapanda gari la kwanza.

Nilifika Bungoma saa nne na nusu. Nasike alikuwa kwenye benchi nje ya ofisi, peke yake. Wenzake wote walikuwa wameingia na kutoka. Karatasi ya polisi ilikuwa imekataliwa. Walimwambia angoje mwisho, labda watamwonea huruma. Kitenge chake kizuri kilikuwa na vumbi la benchi.

Nikampa kitambulisho. Nikaanza hotuba niliyoitunga njia nzima. Yeye alikuwa anasoma stika. Jepkosgei alikuwa ameibandika chini tu ya picha yake: MKE MWIZI, SEHEMU YA 1.

Hakupaza sauti. Alisema, Wanyonyi. Si Baba Lenah. Wanyonyi. Aliuliza kama nilikuwa najua kilipo, siku ile anaongea na Nakhungu. Nikasema ndiyo. Wakamwita.

Gundi ya Jepkosgei haitoki. Aliingia nayo hivyohivyo, kuomba kazi ya kushika pesa za watu. Dirisha lilikuwa wazi. Nilimsikia mwenyekiti akiuliza hii ni nini. Nilimsikia Nasike akieleza yote, kisu, bisibisi, polisi, na jina langu kamili, mbele ya watu wanne. Mtu mmoja alicheka. Nimewahi kuaibika, lakini si hivi. Niliketi pale alipokuwa ameketi.

Baadaye tulikwenda Bumula. Alitembea mbele, mimi nyuma. Nilimwambia Nakhungu ukweli nikiwa nimesimama. Aliniletea maji ya kunawa, akanipakulia kuku. Afadhali angenitukana.

Jumatano, 13 Septemba

Nasike amepata kazi!

Mwenyekiti alisema mtu asiyeficha aibu ya nyumba yake hatawaficha wakulima pesa zao. Barua ya kazi imefika leo, ina muhuri na sahihi. Aripoti Jumatatu na barua yenyewe, si kopi. Nilianza kumwambia kwamba ukiangalia vizuri, bila mimi huenda asingeipata. Aliniangalia. Sikumaliza.

Nimeapa kwa Biblia, mbele yake na Phelista: sitakodi filamu tena, na sitagusa mkoba wake. Usiku aliniita Baba Lenah. Niligeukia ukutani nikalia kidogo.

Jumamosi, 16 Septemba

Sehemu ya Pili imerudi dukani.

Sikwenda kukodi. Nilikwenda kuisalimia baiskeli. Jepkosgei akaniambia imerudi leo, na kesho jioni inachukuliwa na mtu mwingine mwenye kuchelewesha, labda mpaka Krismasi.

Nikapima, kama mtu wa mizani. Kibiwott ameiona na yuko tayari kunisimulia bure. Lakini Kibiwott huongeza vita pasipo vita. Suam ni vichwa. Nami nimeteseka sana kwa ajili ya Sehemu ya Kwanza. Nisipojua mwisho, mateso yote yale yatakuwa ya bure. Hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko shilingi hamsini. Na kwa Biblia nadhani niliapa juu ya filamu kwa jumla, si filamu ambayo mtu ameshaianza.

Jepkosgei alisema baiskeli ni dhamana ya Sehemu ya Kwanza. Ya Pili inataka dhamana yake. Vitambulisho vya nyumba yetu hataki tena kuviona. Alitaka kitu ambacho lazima nitakirudia.

Mkoba sikuugusa. Bahasha ilikuwa mezani.

Nasike yuko Bumula kwa Nakhungu mpaka kesho jioni. Majirani sijawaita, kwa hiyo chai hakuna. Diski iko ndani ya deki tayari. Barua ya kazi Jepkosgei ameibandika stika pembeni tu, mbali na muhuri, nilimsihi. Ni ya usiku mmoja, na Jumatatu iko mbali.

Stima ipo. Inapepesa kidogo tu.